Mabamba Mawili ya Lori

Watu wa Kyuso walilicheka gari langu kwa sababu lilikaa kama fisi: mbele limeinuka, nyuma limelala. Lilikuwa pikapu kuukuu, rangi yake ya kwanza hata aliyeniuzia hakuikumbuka, na springi zake za nyuma zilikuwa zimechoka kabisa. Ukilipakia magunia manne ya ndengu, yaani choroko, bodi ilishuka ikasugua magurudumu, na harufu ya mpira ulioungua ikakufuata njia nzima hadi Mwingi. Mimi nina hasira za karibu, na wakati huo, miaka ya themanini, nilikuwa kijana zaidi na hasira zilikuwa karibu zaidi. Niliapa kulitafutia springi zitakazowafunga watu midomo.

Nilizipata, na midomo ikafungwa. Ninaandika haya kwa sababu ya jinsi nilivyozichagua, na kwa sababu ya mama yangu, ambaye mwaka huu nimemkumbuka kuliko miaka yote iliyopita. Labda ni kwa kuwa nimefika umri aliokuwa nao wakati huo, na mgongo wangu mwenyewe umeanza kunieleza mambo.

Mama alizaliwa Matiliku, upande wa Makueni, akaolewa huku kwetu kaskazini mwa Kitui, kwenye jua. Miaka thelathini baadaye bado alisema "kwetu" akimaanisha kule. Kwetu ukitoka nje asubuhi unauona mlima Nzaui. Kwetu kunde zina majani mapana. Kwetu mgeni hatoki nyumba ya mtu bila kupewa kitu mkononi. Baba, alipokuwa hai, alimtania kwamba kama kwao kulikuwa kuzuri hivyo, mbona alikubali kutoka. Kikamba chake nacho kilibaki cha kule, na majirani walipenda kumwigiza anavyosema. Alicheka pamoja nao, lakini hakukibadilisha.

Mama yake, susu yangu, alikuwa bado hai Matiliku, mzee sana, macho yamepungua. Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya babu. Barabara ilikuwa mbaya, na kulikuwa na mgongo. Mwaka mmoja wa ukame mama aliteleza akipanda kingo za mto na mtungi mgongoni, kamba ya kubebea ikiwa kwenye paji la uso, akaanguka vibaya na mtungi juu yake. Daktari wa Kitui alimwambia kulima atalima kidogo, kutembea atatembea, lakini asitikiswe. Mabasi ya kwetu yalikuwa na kazi moja tu, nayo ni kutikisa. Kwa hiyo nilipopata pikapu, mama alilizunguka mara mbili, akaligusa mlango, akasema, "Sasa nitamwona mama yangu." Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Springi ya pikapu si kitu cha ajabu. Ni mabamba ya chuma yaliyopinda kidogo, moja chini ya lingine, refu juu na fupi chini, yamefungwa pamoja kwa bolti katikati. Mabamba yakiwa membamba, gari huinama na kuinuka kwa upole. Yakiwa mazito, gari hubeba mzigo mkubwa bila kushuka, lakini likiwa tupu huruka kila kijiwe. Na kwetu wenye pikapu wote walikuwa na desturi moja: unatafuta mabamba ya lori, unayaongeza chini ya yale ya gari, mpaka mkia unasimama juu. Pikapu lililosimamisha mkia lilikuwa la mtu anayejua kazi. Lililolala lilikuwa la mwalimu au la mchungaji.

Mabamba mazuri yalipatikana Kibwezi. Malori ya barabara ya Mombasa yalikufia pale kila wiki, na kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa upande wa Garissa mwenye kofia ya kufuma, aliyenunua springi za malori hayo na kuzipanga chini ya kibanda cha mabati. Nilipanda basi mpaka kwake. Nilimkuta ameketi juu ya ekseli, anakunywa chai.

"Karibu, kijana. Gari yako hubeba nini?"

"Ndengu, mzee. Na mbuzi."

"Kila siku?"

"Msimu wa ndengu, kila siku."

"Na msimu ikiisha?"

Hapo ndipo nilipopaswa kumtaja mama. Nililiona jina lake likija mpaka kwenye ulimi. Lakini kulikuwa na madereva wawili wa malori wamesimama karibu wakinisikiliza, na mimi sikutaka kuwa kijana aliyesafiri kutoka Kyuso kutafuta springi za kumbeba mamake. Nikasema, "Tutaona."

Mzee aliweka kikombe chini. "Sikia. Springi hatuchagui ya gari, tunachagua ya mzigo. Wewe niambie ukweli, na mimi nikupatie ya ukweli."

Alitoa jozi mbili za springi akaziweka mbele yangu. Aligonga kila bamba kwa nyundo ndogo akainamisha sikio. Bamba zima linalia kwa muda mrefu, lenye ufa linasema neno moja likanyamaza. Yote yalilia vizuri. Ya kwanza ilikuwa ya mabamba matano membamba, yamepakwa grisi katikati.

"Hii ni ya mtu," alisema. "Mgonjwa, mama mjamzito, mayai. Ndengu pia itabeba, lakini magunia sita, si kumi."

Ya pili ilikuwa na mabamba hayohayo, na chini yake mawili ya lori, moja kwa kila springi, mazito, meusi, yaliyonyooka karibu kama rula.

"Hii ni ya magunia. Weka kumi, weka kumi na mbili. Lakini gari ikiwa tupu itakupiga mpaka uite jina la babu yako."

Madereva walicheka. Nilisimama juu ya ile ya kwanza, ikainama chini yangu. Nikasimama juu ya ile ya pili, ikakaa kama sijafika. Nikasema ninachukua hiyo, na ndengu zikiisha nitayatoa yale mawili.

"Wote husema hivyo," mzee alisema, akifunga waya. "Mimi sijaona mtu amerudi hapa na bamba mkononi."

Fundi wa Mwingi alinifungia springi nikiwa hotelini ninakula. Nilipotoka, pikapu lilikuwa limesimamisha mkia juu, na mtu mmoja aliyekuwa akipita akapiga mluzi. Nilifurahi kama mjinga. Niliendesha mpaka nyumbani likiwa tupu, likanipiga nilivyoahidiwa, nikajiambia ni kwa sababu springi ni mpya kwake.

Jumapili iliyofuata mama alivaa vizuri tukajaribu safari ya kanisani. Nilimkunjia blanketi kwenye kiti. Tulitoka uani, tukapita mti wa kwanza, tukafika mahali mvua ilipochimba vijifereji barabarani. Sikwenda mbio. Gari liliruka mara tatu tu. Mara ya tatu mama alitoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwake, akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Simamisha, mwanangu."

Alishuka polepole, mguu mmoja, kisha mwingine, akabaki ameegemea mlango akipumua. Kisha akasema, "Hili gari lako halitaki watu."

Nilikasirika. Sikumkasirikia mama, lakini hakukuwa na mtu mwingine pale. Nilimwambia, "Basi, mwaitu, nunua ndege." Ndivyo nilivyomwambia mama yangu, siku ya Jumapili, amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisa. Alirudi nyumbani kwa miguu, mkono mmoja kiunoni, na mimi nikakaa ndani ya gari kama mtu anayesubiri abiria. Mambo mengi niliyomfanyia mama nimeyasahau. Hili sijalisahau.

Msimu ulikuwa mzuri. Ndengu zilijaa Kyuso mpaka watu wakazianika kwenye uwanja wa kanisa, na pikapu langu lilibeba kumi, lilibeba kumi na mbili, mkia haukushuka. Watu walinisifu. Ndengu zilipoisha zikaja mbuzi. Mbuzi walipopungua, mtu akanipa kazi ya kubeba mawe ya kujengea. Kila mwezi nilisema nitayatoa mabamba yale mawili mwezi ujao. Kiswahili kina methali ya kumfaa kila mvivu. Mimi nilijiambia kwamba haraka haraka haina baraka. Mama alikuwa na ile nyingine, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hakuitumia.

Siku moja akina mama wa kanisa waliokwenda mkutano Makueni walirudi na ujumbe. Walikuwa wamemwona susu. Alikuwa amewashika mikono mmoja mmoja, akawauliza, "Ni nani kati yenu binti yangu?" Walipomwambia hayupo, alisema, "Mwambieni aje nimshike, maana kuona sioni tena." Mama alisikiliza akichambua mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi kwenye ungo. Aliendelea kuchambua mpaka wakaondoka. Halafu nikaona anachambua yale aliyokwisha kuchambua.

Wiki hiyo ndipo aliponijia na wazo lake. Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba na mzigo kamili, na yeye alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

"Nimelitazama gari lako," aliniambia jioni tukila. "Likiwa na mzigo linatembea kwa heshima. Likiwa tupu ndilo lina wazimu."

"Ndivyo springi zilivyo, mwaitu."

"Basi tulipakie. Mchanga uko mtoni, hauulizi mtu kitu. Tia mchanga nyuma, mimi nikae mbele, twende Matiliku."

Ilikuwa kweli kabisa. Mwanamke ambaye hajawahi kushika spana aliona kwa macho yake kile ambacho mzee wa Kibwezi alinieleza kwa nyundo. Na unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilimwambia watu watasema nimerukwa na akili, kubeba mchanga kutoka Kitui kuupeleka Makueni, ambako mito yote ni mchanga mtupu. Watanitungia wimbo.

"Watunge," mama alisema. "Mimi nitauimba."

Nilichukua wiki tatu kukubali. Ninaziandika hapa ili ziwepo mahali: wiki tatu. Sikuwa na kazi ya maana. Niliogopa tu kuonekana sokoni na mchanga.

Alhamisi moja alfajiri niliteremka mtoni, nikajaza magunia kumi, kila moja nusu, nikayapanga kando ya ekseli ya nyuma na kuyafunika turubai ili watu wasione. Mama alipanda na kiondo chake: ndengu za susu, kilo ya sukari, na leso mpya aliyokuwa ameiweka tangu pikapu lilipofika. Tulitoka Kyuso, na kwenye vile vijifereji, palepale aliposhukia, gari lilishuka na kupanda taratibu kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Mama alinitazama. Nikatazama barabara.

Njia ilikuwa ndefu: Mwingi, kisha Kitui, ambako tulilala kwa binamu, kisha kushuka kusini mpaka Kibwezi. Kibanda cha yule mzee kilikuwa kimefungwa, na nilishukuru. Nilijua angeuliza nimebeba nini.

Tulipoingia barabara ya Mombasa na kuelekea juu, mama alianza kubadilika. Mpaka hapo alikuwa ameshika kiti kwa tahadhari. Sasa aliachia mikono. Alinionyesha mahali alipowahi kulala njiani na baba yake wakipeleka ng'ombe. Tulipokunja kuingia njia ya Matiliku na Nzaui ukatokea, alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo. Nilimwona akiwa msichana. Simaanishi kwamba uso ulibadilika. Uso ulikuwa uleule. Lakini alikaa wima, na alipowaona wanawake wawili wakitoka kisimani aliwaita kwa Kikamba chake bila kuangalia kama ni watu anaowajua. Walimwitikia kwa Kikamba hichohicho. Hakuna aliyemwigiza.

Laiti ningelizima gari pale, tukabaki barabarani.

Tulipofika kwenye kona ya nyumbani kwao niliona watu wengi. Wanaume walikuwa wamevua makoti, wanachimba chini ya mti wa mkwaju karibu na kaburi la babu. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mama alifungua mlango kabla sijasimama vizuri. Mjomba, ndugu yake mdogo, alikuja akimkimbilia, akamkumbatia, na sote tukajua bila kuambiwa. Susu alikuwa amefariki siku ya Jumatano.

"Mlisikia redioni?" mjomba aliuliza. "Tangazo lilisomwa jana jioni. Sikudhani mngefika mapema hivi."

Jana jioni tulikuwa njiani.

Mjomba alizunguka nyuma ya pikapu na kuinua turubai. Aliyaona magunia. Alisimama pale, halafu nikaona macho yake yakijaa maji.

"Na mmeleta mchanga," alisema. "Saruji tumepata, lakini mto uko mbali na tulikosa gari la kuuleta. Tulikuwa tunajiuliza tutamzika mama yetu vipi." Alinishika bega. "Umefikiri kama mtu mzima, mpwa wangu. Mungu akubariki."

Sijui kama kuna baraka iliyowahi kuniuma hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba mchanga ule haukuwa wa kaburi. Ulikuwa wa kumtuliza mama kwenye kiti ili afike kushikwa mkono na mtu aliye hai, na ungeweza kufika wiki tatu mapema, na kama ningesema neno moja Kibwezi usingehitajika kabisa. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama na kiondo mkononi.

"Ndiyo," alimwambia mjomba. "Tumeleta."

Vijana wa pale walishusha magunia wakayabeba mpaka chini ya mkwaju. Gunia moja baada ya lingine, nyuma ya pikapu ikapanda, mpaka mkia ukasimama vilevile nilivyoupenda.

Niliazima jeki na spana kwa jirani mwenye trekta. Ilikuwa mchana, watu wanaimba, na mimi nikalala chini ya gari na shati langu la safari. Nililegeza bolti zinazoshika springi kwenye ekseli, nikafungua ile ya katikati, nikavuta bamba la lori upande huu, nikavuta la upande wa pili, nikafunga tena. Nilipoingia chini ya gari, wanawake walikuwa wakitia muthokoi kwenye sufuria. Nilipotoka, muthokoi ulikuwa haujaiva. Kazi niliyoiahirisha kwa karibu mwaka mzima ilikuwa ndogo kuliko kupika chakula cha mchana.

Mama alikuja akasimama juu yangu nikiwa nimekaa chini, mikono ina grisi, mabamba mawili yako mbele yangu. Niliyatazama badala ya kumtazama yeye.

"Mwaitu, nisamehe."

Aliinama, polepole kwa sababu ya mgongo, akachukua ile leso mpya kutoka kwenye kiondo. Nilifikiri ananipa nijifute. Akaifunua, akaitazama, akaikunja tena. "Nitamwekea ndani ya sanduku," alisema. "Wewe nenda unawe, uje ule." Alikwenda nayo nyumbani walikomlaza susu.

Tulimzika Jumamosi. Mchanga wa mto wa Kyuso ulichanganywa na saruji nikitazama. Ulikuwa mwekundu kidogo kuliko wa kwao, na kwa miaka mingi kaburi lile lilionekana rangi tofauti na la babu.

Jumatatu tulirudi. Pikapu lilikuwa tupu na laini. Kwenye barabara mbovu zaidi, ile ya kutoka Kibwezi, lilishuka na kupanda bila kelele, na mama alilala, kichwa kimeegemea mlango, akalala mpaka Kitui. Nilikuwa namtazama mara kwa mara kuona kama anaumia. Hakuumia. Niliendesha nikilia, na nikimaliza kulia nilikasirika, na nikimaliza kukasirika nilianza tena. Mabamba mawili yalikuwa nyuma, yakigongana kila tulipopita shimo. Yalikuwa mazima, yalilia kwa muda mrefu.

Sikuyarudisha kwenye gari kamwe. Watu wa Kyuso walianza tena kunicheka, kwamba gari limelala kama la mchungaji, na niliwaacha wacheke. Magunia sita, si kumi. Mama aliishi miaka minane baada ya hapo, na kwa miaka hiyo yote hapakuwa na gari laini kuliko langu kutoka kwetu mpaka Mwingi. Kila msimu ulipoisha nilililaza kivulini, nikalipangusa kiti, nikaenda kumwuliza anataka nimpeleke wapi.

Alikuwa ananitazama vizuri kabisa, bila kinyongo, hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Nashukuru, mwanangu," alisema kila mara. "Lakini sina safari."